Njia za Umeme Tangu Beit al-Ajaib

Wasimulizi wa habari za umeme katika nchi zetu aghalabu huanzia kwenye mitambo na mabwawa, wakahesabu megawati kama mtu ahesabuye mifugo yake, na zile nyaya zinazopita juu ya vichwa vyetu wakaziacha bila kuzitaja. Lakini mwenye kuisoma tarikhi hii kwa makini, tangu zama za masultani hata leo, ataona kwamba taabu zetu kubwa zilizuka pale nguvu ilipokuwapo na njia yake ikakosa tadbiri.

Hapo mwanzo njia haikuwa na haja ya kufikiriwa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said pale Forodhani mwaka 1883, ndilo jumba la kwanza kutiwa umeme Unguja, na mtambo wa namna ile uliwaangazia walio jirani nao tu. Kwa mujibu wa habari zilizohifadhiwa na shirika la umeme la Kenya, mwaka 1908 mtambo wa Sultani ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kampuni iliyozaliwa kwa ununuzi huo ikaungana mwaka 1922 na ile ya Nairobi. Baada ya vita kuu ya pili yakaja mabwawa: Owen Falls, pale Nile itokapo ziwani, lilifunguliwa mwaka 1954, na Kidatu, Tanganyika ya zamani, likaanza kazi mwaka 1975. Tangu hapo nguvu ikawa inazalishwa mbali mno na taa inayoiwasha.

Ndipo ulipotimia utaratibu tunaoujua leo, ambao umeme hushuka daraja baada ya daraja: kutoka laini kubwa hadi kituo cha kupozea, kutoka hapo kwa laini za volti 33,000 au 11,000 hadi transfoma ya mtaani, na kutoka transfoma hadi ukutani mwa nyumba. Kila fyuzi na kila swichi ya laini zile iliwekwa kwa kudhani jambo moja, kwamba umeme hutoka juu ukaenda chini, wala haurudi. Msimamizi wa zamu aliyaona mambo ya kituoni, lakini ya mtaani hakuyajua mpaka mtu apige simu kusema kuwa nyumba yake ina giza.

Unguja ndiyo iliyolipa ghali kwa kutegemea njia moja. Mwaka 1980 kebo ilitandazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Ras Fumba, yenye uwezo wa megawati 45, na kutoka Fumba umeme ukapelekwa Mtoni ili ugawanywe kisiwani. Ilikuwa neema kubwa, na kwa sababu ya neema hiyo mitambo ya dizeli ikaachwa kuchakaa, maadamu hapakuwa na aliyeiona haja yake. Mji ukakua, mahoteli yakajengwa Nungwi na pwani ya mashariki, na mzigo ukapanda ilhali kebo ni ile ile. Tarehe 21 Mei 2008 hitilafu ikazuka, na kisiwa kizima kikakaa gizani hadi katikati ya Juni. Bara umeme ulikuwapo. Cha kuuvusha ndicho kilichokosekana. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani na madumu, wauza samaki wakatupa shehena iliyooza kwa kukosa barafu, na kandili zilizokuwa zimesahauliwa darini zikashushwa zikafutwa vumbi. Mwezi Disemba mwaka 2009 msiba ukarudi, na safari hii ukadumu hadi Machi. Kebo mpya ya megawati 100 ilifika mwaka 2013, na Pemba ilikwisha kupata yake kutoka Tanga mwaka 2010.

Kenya nayo ilionja uchungu wa jamii hiyo hiyo. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa tayari mwanzoni mwa mwaka 2017, lakini laini ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikamilika mwaka 2018. Upepo ule mkali wa jangwani ulivuma zaidi ya mwaka mzima bila faida kwa yeyote, na nchi ikalipa fidia kwa umeme ambao haikuupata.

Sasa dhana ile ya kale ya umeme ushukao tu inavunjika. Mwenye nyumba akiweka sola juu ya paa, adhuhuri anazalisha kuliko anavyotumia, na ziada hurudi kwenye laini. Volti za mwisho wa mtaa hupanda, na swichi zilizopangwa kwa mwendo mmoja huchanganyikiwa. La hatari kuliko yote ni juu ya fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa, kumbe inapata umeme kutoka paa la jirani. Kwa hiyo ni sharti inveta ijizime yenyewe laini inapokufa. Jioni jua limetua, kila nyumba inawasha taa na feni, na paa zile hazina la kutoa isipokuwa kuna betri. Kuyasawazisha haya kunataka mita zinazotoa habari saa kwa saa, swichi zinazofungwa na kufunguliwa kutoka mbali, na mpangaji anayejua mzigo wa kila transfoma kabla haijaungua.

Kwa Unguja faida ya mpango huo naiona iko karibu mno. Nungwi na Paje ziko mwishoni mwa laini ndefu zitokazo mjini, hapo hapo penye mahoteli na majokofu na jua la kutosha mwaka mzima, na kila megawati itakayozalishwa na kuhifadhiwa kule ni megawati ambayo kebo ya Fumba haitabebeshwa.