Mitungi ya Baruti na Alama Nyekundu

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo kimoja cha ualimu. Tulipofika Vita Kuu ya Kwanza, niliwasimulia wanachuo jinsi Waingereza wawili walivyofunga mitungi ya baruti kwenye omo ya mashua yao mbovu, na jinsi meli kubwa ya Wajerumani ilivyolipuka na kuzama katika Ziwa Tanganyika. Nilisimulia kwa mbwembwe, na darasa likapiga makofi.

Katika jaribio la mwisho wa muhula niliuliza meli ile ilizamaje. Kijana mmoja wa Kirando aliandika kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe, na kwamba ndiyo aliyoipanda hadi Kigoma alipokuwa akija chuoni. Nikampa alama nyekundu ya kosa. Hakubisha.

Nakiri kwamba chanzo changu kilikuwa sinema. Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 nilikuwa nimeiona. Riwaya yenyewe, aliyoiandika C. S. Forester mwaka 1935, sikuwa nimeigusa. Nilipoiazima wakati wa likizo nikapata aibu ya kwanza. Ndani yake fundi Allnutt anajaza baruti ya kupasulia miamba katika mitungi miwili ya chuma ya gesi, kisha anaweka risasi za bastola na misumari, ili omo ikigonga meli, msumari upige kitako cha risasi. Maelezo hayo ni mazuri mno. Ukiyasoma utadhani mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kuzamisha manowari. Lakini Forester hakudanganyika na ufundi wake. Katika kitabu, dhoruba inaizamisha mashua kabla haijamfikia adui. Ni filamu iliyotaka kishindo, ikaifanya meli ijigonge yenyewe kwenye ile mitungi.

Historia ya vilipuzi vya namna hii iko karibu zaidi na kitabu. Januari 1778 Wamarekani waliyaachia mapipa ya baruti ya David Bushnell yaelee katika mto Delaware kuzifuata manowari za Waingereza. Hakuna manowari hata moja iliyozama. Pipa haliendi unakotaka wewe, linakwenda unakokwenda mkondo, na baruti ikilowa basi.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Meli halisi iliitwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikashushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizovutwa juu ya milima ya Kongo kwa ng'ombe, mitambo ya mvuke na mikono ya Waafrika wengi ambao riwaya haiwataji. Boti hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 zikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Na Goetzen hazikupigana hata mara moja. Adui alipokaribia Kigoma, Wajerumani walizipaka injini zake grisi nzito, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai 1916, kama mtu anayefukia mbegu ya msimu ujao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwa kila neno, nami nilikuwa nimekwisha kupeleka matokeo. Ningeweza kuomba yasahihishwe. Sikufanya hivyo, niliogopa kuulizwa nilisoma wapi habari za mitungi.

Miaka sita baadaye nilimwandikia barua shuleni kwake. Alijibu kwa mistari mitatu: shikamoo, ameshasahau, na kwamba nikienda Kirando niteremke upande wa kushoto, kwa sababu hakuna gati na mitumbwi huja upande huo.