Tetra kardinali

Tetra kardinali (jina la kisayansi: Paracheirodon axelrodi) ni samaki mdogo wa maji baridi wa Amerika Kusini, mwenye urefu wa sentimita 3 hivi. Ubavuni ana mchirizi wa buluu unaometameta, na chini yake wekundu uliokolea kuanzia kichwani hadi mkiani. Ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaopendwa mno duniani.

Maelezo ya kisayansi na mzozo wa jina

Ndugu yake, tetra neoni, alielezwa na George S. Myers mwaka 1936. Wekundu wa neoni huanzia katikati ya mwili tu, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwatofautisha.

Kardinali alipofika mikononi mwa wataalamu, alipewa majina mawili karibu kwa wakati mmoja. Leonard P. Schultz wa Taasisi ya Smithsonian alimwita Cheirodon axelrodi, kwa heshima ya Herbert R. Axelrod, katika Tropical Fish Hobbyist, jarida la Axelrod mwenyewe. Toleo hilo lina tarehe ya 20 Februari 1956. Myers na Stanley H. Weitzman walimwita Hyphessobrycon cardinalis katika jarida la kitaaluma la Chuo Kikuu cha Stanford, la tarehe 21 Februari. Kwa kanuni za majina ya wanyama, lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama, hata kama maelezo ya pili yana kina zaidi. Shauri lilifikishwa kwenye Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, nayo mwaka 1957 ikampa Schultz ushindi. Siku moja tu, tena kwa jarida la wafugaji wa samaki!

Jenasi nayo haikudumu. Mwaka 1983 Weitzman huyohuyo, pamoja na William L. Fink, alimweka kardinali, neoni na tetra neoni wa kijani katika jenasi moja, Paracheirodon.

Makazi

Kardinali huishi katika Mto Negro na sehemu ya juu ya Mto Orinoco, katika Brazil, Kolombia na Venezuela. Hupendelea vijito vya maji meusi yenye asidi, na mafuriko yakija huingia msituni. Hula viluwiluwi vya wadudu na krasteshia wadogo.

Uvuvi

Mjini Barcelos, jimbo la Amazonas nchini Brazil, samaki hawa huitwa piaba, na wavuvi wao piabeiro. Huwavua kwa nyavu ndogo, wakiwa ndani ya mitumbwi, na kwa miongo mingi mji uliishi kwa kuwauza kama samaki wa mapambo. Uzalishaji wa kardinali katika mashamba ya samaki ng'ambo umepunguza soko la wale wa mtoni.