Dirisha tangulizi

Ukibofya aikoni ya GIMP, programu ya kuhariri picha, hupelekwi moja kwa moja kwenye uwanja wa kuchorea. Kwanza hujitokeza katikati ya kioo picha isiyo na menyu wala kitufe cha kufungia, yenye jina la programu na mstari unaojaa taratibu. Chini yake hupita maandishi yanayotaja kinachopakiwa wakati huo: fonti, brashi, viendelezi. Kisha picha hutoweka na dirisha kuu hufunguka.

Picha hiyo tuiite nini? Kiingereza kimeipa jina la maji yanayoruka, na tukilifasiri neno kwa neno halitamwambia msomaji wetu chochote. Jina linalokuja haraka ni "skrini ya ukaribisho". Silikubali. Kwanza, picha yenyewe haijazi skrini. Ni dirisha dogo. Pili, ukaribisho tutauhitaji kwingine: programu ya ofisi ya LibreOffice ikifunguliwa bila faili, huonyesha ukurasa wenye nyaraka za karibuni na kumwachia mtumiaji achague pa kuanzia. Hapo ndipo anapokaribishwa hasa. Picha ya mwanzo haimpi la kuchagua, inatangulia tu. Ndiyo maana napendekeza "dirisha tangulizi".

Kazi yake ni kumjibu aliyebofya. Programu kubwa husoma mipangilio na kupakia maktaba nyingi za msimbo kabla ya kuchora chochote. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, aliandika mwaka 1993 kwamba jibu la ndani ya sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, likizidi sekunde 1 mtiririko wa mawazo hukatika, na sekunde 10 ndio ukomo wa mtu kuendelea kuwa makini. Asiyeona jibu hubofya tena, na mara nyingine programu hufunguka mara mbili.

Kwa hiyo dirisha hili halina maana likichelewa nalo. Lugha ya programu ya Java ililitatua jambo hili vizuri katika toleo la 6, mwaka 2006: jina la picha huandikwa kwenye faili ya maelezo ya kifurushi, na picha huchorwa hata kabla mashine pepe inayoendesha programu haijaanza. Dirisha la kwanza la programu likitokea, picha hujifunga yenyewe. Kwa mwandaaji wa programu, muda huohuo wa maandalizi ndio wa kuchagua mwonekano, yaani mtindo wa vitufe, rangi na fonti. Akiuchagua baada ya vitufe kuundwa, vile vya zamani hubaki na sura ya awali hadi aviamuru vijisasishe, na mtumiaji huona dirisha likibadilika mbele ya macho yake.

Wapo wanaolishikilia dirisha tangulizi kwa sekunde kadhaa za makusudi ili nembo yao ionekane. Huko ni kumpotezea mtu muda wake kila asubuhi anapofungua kazi. Waandaaji wa programu, dirisha kuu likiwa tayari, liondoeni tangulizi papo hapo.