Kutakasiwa Newala

Ndugu msomaji, kama hujawahi kutakasiwa kwenye bao, kaulize kijiweni. Mwenzio ametakata tu, hajala kete hata moja. Lakini shimo lako moja sasa liko wazi, zamu ijayo analila. Wewe huna cha kula. Unataka kulihamisha shimo lile, sheria inakataa: limetakasiwa, anzia kwingine. Unabaki kuchezacheza kete za pembeni huku unaona kabisa msiba unakuja.

Mimi naona historia ya Newala kwa namna hiyo. Ni historia ya watu kuzibiana njia.

Walioanza ni Wamakonde wenyewe. Juu kule uwandani mvua ikinyesha mchanga unainywa yote. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Akina mama walishuka na mitungi, wakapanda tena nayo kichwani. Mgeni atauliza, kwani waliona nini huko juu? Waliona usalama, bwana. Kichaka kilikuwa kinene, vijia vyembamba, na mvamizi asiyevijua angepotelea humo. Bondeni mambo yalikuwa mengine: mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliivamia misheni ya Masasi, na baadaye misheni ikahamia Newala kwa chifu Matola. Kwa hiyo kiu ilikuwa bei ya kuishi. Karl Weule, msomi wa Kijerumani aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika mengi juu ya watu hawa na kichaka chao.

Halafu ikaja vita ya wazungu. Septemba 1916 Wareno walivuka Ruvuma, na Oktoba wakaliteka boma la Newala. Boma zuri, liko juu, unaona mbali. Lakini maji? Maji yalikuwa chini vilevile, na Wareno walilazimika kuweka askari wa kuyalinda. Max Looff, nahodha wa ile manowari Königsberg iliyozamia Rufiji mwaka 1915, alikuja na askari wake Novemba. Hakuwa na haja ya kupanda boma kwa pupa. Waliwaondoa Wareno kwenye maji, basi. Huko ndiko kutakasia. Wale walio juu walikuwa na bunduki, walikuwa na kuta, ila shimo walilolihitaji hawakuruhusiwa kuligusa. Mwishoni mwa mwezi waliliacha boma wakatorokea Ruvuma.

Wanaoandika vita ile huhesabu mizinga. Mimi nikiandika riwaya yangu (na nitaiandika, mcheke mpendavyo) nitamweka mama mmoja mwenye mtungi. Njia yake ya kila siku imegeuka uwanja wa vita. Pande zote mbili zina kiu, na yeye pia ana watoto wenye kiu. Nani aliyemwandika huyo? Sisi vijana tunaotaka kalamu tukimwacha, ataandikwa na nani?

Mwaka uliofuata zamu iligeuka. Sasa ni Waingereza waliombana von Lettow-Vorbeck, baada ya mauaji makubwa ya Mahiwa, Oktoba 1917. Akarudi nyuma hadi uwandani, akaacha njiani mamia ya wagonjwa na askari ambao asingeweza kuwalisha, wala kuwapa risasi au kwinini. Akapita Newala na askari wapatao 1,700, na msururu wa wapagazi ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaweka. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma huko Ngomano, akaingia Msumbiji. Alichomoka, eti shujaa.

Lakini kulikuwa na kundi jingine, la Theodor Tafel, limetembea kutoka Mahenge lije kuungana naye. Lilikuta ameshaondoka. Nyuma Waingereza, mbele mto, na chakula hakuna tena. Tarehe 28 Novemba, siku tatu tu baada ya mkubwa wake kuvuka, Tafel alisalimu amri.

Von Lettow alikuwa amekula kete za Wareno Ngomano, anaendelea kucheza.