Jasusi Kwenye Usukani

Zamani mwendo wa basi aliujua dereva na Mungu wake. Sisi abiria tulikisia tu kwa jinsi miti ilivyokimbia dirishani.

Wazungu walianza mapema kulitafutia jambo hili ushahidi. Kabla ya kamera na setilaiti walikuwa na takografu. Ndani yake mlikuwa na kisahani cha karatasi yenye nta kilichozunguka mara moja kwa saa 24, na sindano ndogo zikichora mwendo, umbali na saa za kazi na za kupumzika. Dereva aliandika jina lake katikati ya kisahani kabla ya kuondoka. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya iliamuru chombo hicho kifungwe kwenye malori na mabasi. Uingereza, iliyojiunga mwaka 1973, ilisitasita. Madereva wake walikiita jasusi. Ilishtakiwa kwenye Mahakama ya Jumuiya, ikashindwa mwaka 1979.

Madereva wale nawaelewa. Nimelea walimu wanafunzi miaka mingi, nami najua jinsi sauti inavyobadilika mkaguzi akiketi nyuma ya darasa. Lakini kisahani kile kilimchunga na tajiri. Sheria ya Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa muda wa saa 4 na nusu. Tajiri aliyemsukuma mtu usiku kucha hakuweza tena kuapa kwamba alimpa nafasi ya kulala, maana karatasi ilikuwepo.

Kwetu Afrika Mashariki tulianza na kasi. Mwaka 2004 Kenya, chini ya Waziri John Michuki, ililazimisha matatu na mabasi kufungwa vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Kazi ya kidhibiti ni kuzuia. Tanzania ikaja na mfumo wa kufuatilia mabasi, ambao sasa uko chini ya LATRA. Mwendo wa basi huonekana kutoka mbali, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake, ijulikane nani ameshika usukani. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, haja ya kujua hivyo ilizidi.

Sasa zimeingia kamera zinazotazama macho ya dereva na kupiga kengele akisinzia. Nazikaribisha, kwa kuwa abiria waliolala nyuma yake hawana mlinzi mwingine. Ila kamera humwona katika dakika ile tu. Ratiba iliyomwamsha saa nane usiku, siku ya tatu mfululizo, imebandikwa ukutani ofisini, na huko hakuna kamera.