Pumzi ya chini ya injini: kutoka vifaru vya vita hadi tabo za Safari Rally

Fundi wa Nangara, mjini Babati, akiletewa lori lenye tabo, yaani turbo, linalokula oili, hakimbilii spana. Huacha injini ikiunguruma, akafungua kifuniko cha kujazia oili na kutazama. Moshi ukitoka kwa mikupuo atasema injini inapumua, na hapo dereva huanza kuhesabu gharama za ringi. Lakini fundi mzoefu hatoi hukumu mapema. Kwanza atatafuta bomba la kupumulia, alichomoe na aone kama limeziba kwa masizi. Tabo hulainishwa kwa oili ya injini, na oili hiyo hurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, bila pampu ya kuisukuma. Mgandamizo ukijaa kwenye sampu, oili hukosa njia ya kushuka, ikapenya kwenye sili za tabo, na bomba la moshi likatoa moshi wa buluu. Tabo nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya bomba dogo lililoziba, na hasara hiyo inauma kwa sababu ingeepukika.

Hakuna ringi inayozuia hewa yote. Kila mchanganyiko wa hewa na mafuta unapolipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando na kushuka hadi kwenye krenkshafti, na lazima itafutiwe njia ya kutokea. Magari ya zamani yaliitoa kwa bomba lililoning'inia chini, likielekea barabarani. Bomba hilo halikufaa kwa vifaru vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilivyovuka mito yenye kina kirefu, kwa maana maji yangeingia kwenye injini. Wahandisi wakabuni mfumo uliofungwa, unaoirudisha gesi kwenye njia ya hewa ili iungue. Baada ya vita mfumo huo ulipata kazi nyingine. Katika miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles ulitokana na moshi wa mafuta uliopigwa na jua, na magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yakafungwa vali ya kuirudisha gesi hiyo.

Vali hiyo hutegemea mvuto wa injini yenyewe. Injini isiyo na tabo hunyonya hewa, na mvuto huo huchota gesi kutoka chini. Tabo hugeuza mambo: badala ya mvuto, kwenye njia ya hewa panakuwa na msukumo, na vali hujifunga. Isitoshe, tabo huongeza nguvu ya mlipuko, kwa hiyo gesi inayopenya kwenye ringi huongezeka wakati ule ule mlango wake unapofungwa.

Hata hivyo, Afrika Mashariki ilikuwa mahali palipoifaa sana tabo. Mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa ya injini za kawaida. Dereva wa Tanzania, Bert Shankland, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hizo. Saab 99 Turbo ilikuwa gari la kwanza la tabo kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari za barabarani, huko Sweden mwaka 1979, lakini Safari ilisubiri hadi 1984, Björn Waldegård alipoibuka mshindi na Toyota Celica Twincam Turbo. Juha Kankkunen alishinda kwa gari la aina hiyo mwaka 1985, na Waldegård akarudia mwaka 1986. Nguvu zilizidi farasi 300, zote zikipelekwa kwenye matairi ya nyuma, siku baada ya siku, katika vumbi, matope na joto.

Sifa za ushindi huo hupewa madereva na tabo. Mimi huwafikiria pia waliobuni njia za kupumulia. Gesi ya chini hubeba ukungu wa oili, na ukirudishwa kwenye tabo oili hutanda ndani ya kipoza-hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, na hewa haipoi ipasavyo. Oili inayofika kwenye silinda huufanya mchanganyiko ulipuke kabla ya wakati wake, na pistoni ikagongwa hadi ikatoboka. Hiyo ni sababu mojawapo ya injini nyingi za mashindano kuondolewa oili kwenye sampu kwa pampu zinazonyonya oili na gesi pamoja. Chini ya pistoni hewa inabaki hafifu, ringi zinakaa vizuri zaidi, na krenkshafti haipigi oili bure.

Timu zisizo na mfumo huo hutumia kopo la kunasa oili. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka gari ambalo injini yake hupumulia nje liwe na kopo la angalau lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi. Kopo liwe la plastiki inayopitisha mwanga, au liwe na kidirisha. Mkaguzi huinama, akaona oili imepanda hadi wapi, na fundi wa timu anajua kabla ya kuambiwa kama ringi zitafika mwisho wa mbio.