39 kwa 6: wadada wa Mexico walipopiga Marekani pale pale kwao

Bakamarade, mwezi wa 7 mwaka 2022, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, ekipe ya wadada wa Mexico ilipiga ekipe ya Marekani 39 kwa 6. Ilikuwa finali ya flagi futboli katika World Games, na mchezo huo ulikuwa unaingia mara ya kwanza katika mashindano hayo. Mukumbuke kwamba Wamarekani walikuwa mabingwa wa dunia. Miezi saba tu mbele ya pale, mwezi wa 12 mwaka 2021, walikuwa wametwaa kombe Yerusalemu, na waliowashinda katika finali ni hao hao Wamexico. Sasa walikuwa nyumbani, mbele ya watu wao, katika mchezo uliozaliwa kwao.

Mimi nilisomea agronomia, si historia wala michezo. Lakini kila mara nikisoma habari za flagi futboli ya wanawake, inaandikwa sawa vile NFL iliamka asubuhi moja ikawapa wanamuke mupira. Si vile. Njo maana ninaandika.

Kwa ambaye hajaona: ni ndugu mdogo wa mupira wa Kiamerika, ule wa makofia makubwa na kuangushana. Huku hakuna kuangushana. Kila muchezaji anavaa mukaba kiunoni, na bendera mbili zinaning'inia kwenye mapaja, moja huku, moja huku. Ukitaka kusimamisha mwenye mupira, unamuvuta bendera, basi, paka hapo. Yeye naye hana ruhusa ya kuikinga na mukono. Wanacheza watano kwa watano, kiwanja ni yadi 50 kwa 25 (tuseme metre 46 kwa 23), na yadi 10 za kufungia kila upande. Vipindi viwili vya dakika 20. Ekipe ina majaribio manne ya kufika katikati ya kiwanja. Ikifika, inapewa mengine manne ya kuingia. Kuingia ni pointi 6, kisha kuna nyongeza ya 1 ao 2. Kwa hiyo zile 6 za Birmingham maana yake Wamarekani waliingia mara moja tu mu machi muzima. Katika finali! Kwao!

Musione tu bendera mukasema ni mchezo wa watoto. Kwa sababu uzito wa mwili hausaidii kitu, kinachobaki ni kiuno, macho na hesabu. Kwotabaki, yule mwenye kutupa mupira, ana sekunde chache tu za kusoma wanne wanaokimbia na watano wanaowafukuza.

Asili yake inasimuliwa kwamba ni kambi za jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia: wakubwa walitaka askari wacheze bila kuvunjana mifupa mbele ya kwenda vitani. Kiisha vita, mchezo ukatoka na askari, ukaingia mu masomo na mu viwanja vya mtaa. Na juu ulihesabiwa kuwa mupira "mwepesi", uliachiwa watoto na wanamuke. Kwa mimi, hapo njo kuna siri yote. Kitu ambacho wakubwa hawakukitamani, wadada walikuwa na miaka mingi ya kukilima kimya kimya bila mutu kuwasumbua.

Mashindano ya dunia ya wanaume yalianza 2002 kule Austria. Wanamuke waliingia 2004, Ufaransa. Miaka miwili tu nyuma yao! Linganisha na mupira wa miguu: Kombe la Dunia la wanaume ni 1930, la wanamuke ni 1991. Kisha kila miaka miwili wakakutana, Korea, Canada, Uswidi, Italia, bila televisheni kubwa. Panama, nchi ambayo sisi tunaijua kwa mufereji wake tu, iliyapokea mu 2018.

Na Mexico? Kule mchezo una jina lake la nyumbani, tochito. Haikungojea mutu wa kutoka kaskazini aje kuubariki. Wadada wanaucheza kwenye masomo na kwenye vyuo vikuu. Diana Flores, kwotabaki wa ile finali ya Birmingham, alianza na miaka 8 juu ya baba yake, na alifika mu ekipe ya taifa akiwa na miaka 16. Mwezi wa 2 mwaka 2023, NFL yenyewe ilimuweka katika tangazo lake la Super Bowl, anakimbia huku watu wanamufukuza wamuvute bendera, hawamupati. Mimi nilicheka kidogo. Waliopigwa 39 kwa 6 njo wanamutafuta aliyewapiga awauzie mchezo!

Lakini tusiwaonee. Marekani nao walifanya kazi. Mu 2020, NAIA, shirika la michezo la vyuo vikuu vidogo vya kule, lilikubali pamoja na NFL kuufanya mchezo wa wasichana, na kupitia huo mudada anaweza kupata bursi ya kusoma. Kwa sisi tuliohesabu frais ya kila mwaka na vidole vinatetemeka, hiyo si kitu kidogo.

Mwezi wa 10 mwaka 2023, Mumbai, Kamati ya Olimpiki ilikubali flagi futboli iingie Los Angeles 2028, pamoja na kriketi, lakrosi, skwoshi na besiboli. Hapo mambo yakageuka, juu pesa ilisikia harufu. Kwa upande wa wanaume, mwezi wa 5 mwaka 2025 wenye vilabu vya NFL walikubali wachezaji wao waende Olimpiki. Waliobeba mchezo miaka yote bila mushahara wanaweza kubaki wanaangalia mu televisheni. Wanamuke hawana ligi tajiri ya kuwanyang'anya nafasi namna hiyo. Lakini nafasi zenyewe ni chache: ekipe 6 za wanamuke kwa dunia nzima, kila moja wachezaji 10, na mwenyeji tayari ana yake. Zinabaki 5 kwa mabara yote. Afrika itapigania humo humo.

Kule Lahti, Finland, mwezi wa 8 mwaka 2024, zaidi ya ekipe 20 za wanamuke zilikuja, na Marekani wakarudisha deni: 31 kwa 18 juu ya Mexico katika finali, kombe la tatu la dunia la mufululizo. Watu wakasema basi, Birmingham ilikuwa bahati.

Mwaka uliofuata World Games ikaenda Chengdu, China. Safari hii flagi futboli ilichezwa na wanamuke peke yao. Finali: Mexico na Marekani tena. Mexico wakabeba zahabu.